Mwali wa Buluu Ubaoni, Mwali wa Manjano Jikoni

Tumeona vema katika toleo hili tuzungumze na wanachuo wetu juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo mno kujaza kurasa za jarida la mbinu za kufundishia. Jambo lenyewe ni mwali wa moto wa jikoni: jinsi ya kuutazama, jinsi ya kutambua kama unawaka sawasawa, na jinsi ya kumfundisha mtoto wa darasa la tano autazame na kuusoma kama anavyosoma kitabu. Tunalichukua kwa sababu mbili. Kwanza, gesi imeingia katika nyumba za wanafunzi wetu upesi kuliko ilivyoingia katika maandalio yetu ya masomo. Pili, tulishuhudia somo hili likifundishwa vibaya na mwanachuo mwenye bidii, mbele ya mkufunzi aliyeridhika kabisa, na aliyeridhika ni sisi wenyewe tunaoandika haya.

Ilikuwa wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya msingi hapa Kibosho, mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka msituni na kukaa juu ya migomba hata saa nne ya asubuhi. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya sitini. Mwanachuo wetu alikuwa amejiandaa vizuri. Alichora ubaoni jiko la gesi kwa chaki nyeupe, na juu yake akachora mwali kwa chaki ya buluu, duara zuri la ndimi fupi fupi. Akauliza: "Mwali wa gesi una rangi gani?" Darasa zima likaitika: "Buluu!" Akauliza tena, wakaitika tena. Kisha mtoto mmoja wa kiti cha nyuma, karibu na tulipoketi sisi, akanyosha mkono na kusema, "Mwalimu, wa kwetu ni wa manjano." Wenzake wakacheka. Mwanachuo akamjibu kwa upole, "Hapana, mwali wa gesi ni wa buluu. Keti." Somo likaendelea. Nasi katika fomu yetu ya tathmini tukaandika: zana nzuri, darasa tulivu, wanafunzi wanashiriki.

Sifa ya kile kilichofuata ni ya mwanachuo mwenyewe, wala si yetu. Tulipokuwa tukilijadili somo hilo chini ya mringaringa ulioko uani, yeye ndiye aliyenyamaza kidogo kisha akauliza: "Na kama yule mtoto alikuwa anasema kweli?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumesikia maneno yale yale kwa masikio yale yale, tukayapitisha kama kelele ya darasani.

Siku ile ile baada ya masomo tulifuatana na mwalimu wa darasa, aliyeijua nyumba ile, tukateremka kwa njia ya mfereji hadi katika kihamba cha bibi yake mtoto. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, walimu wangu," na papo hapo akauliza, "Huyu amefanya nini?" Ni swali la kutia aibu kidogo. Mzazi wetu wa vijijini amezoea kwamba mwalimu hafiki nyumbani ila kuna kosa. Tulimweleza kwamba mtoto hakufanya kosa lolote, bali sisi tumekuja kujifunza kwake, na tukaomba tuuone moto wake.

Jiko lilikuwa lile la mtungi mdogo wa kilo sita ambalo kichwa chake hufungwa juu ya mtungi wenyewe. Bibi alipoliwasha, miali ilipanda mirefu na ya manjano, ncha zake zikiyumba huku na huku, na sufuria iliyokuwa karibu ilikuwa nyeusi tititi upande wa chini kama iliyopikiwa juu ya mafiga. Bibi alilalamika kwamba gesi ya siku hizi ni mbaya, na kwamba kila siku husugua sufuria kwa majivu. Tulipouliza zaidi tukaelezwa kwamba gesi ilikuwa imekwisha wakati wa Pasaka, mtungi ukakaa pembeni kwa majuma mengi mpaka ndizi zilipouzwa, na muda huo wote familia ilipikia kuni. Baba mdogo wa mtoto akafunga mtungi, akangoja kichwa cha jiko kipoe, akakifungua. Ndani ya matundu ya kuingizia hewa, pale chini ya kichwa, nyigu alikuwa amejenga kijumba chake cha udongo. Udongo ulipoondolewa kwa waya mwembamba na brashi kavu, jiko likafungwa tena, miunganisho ikapakwa povu la sabuni ili kuona kama kuna mahali panapovuja, ndipo likawashwa. Mwali ulikuwa mfupi, wa buluu, umetulia, na kila ulimi ulikuwa na kiini kidogo kilichokoza zaidi. Mtoto hakusema neno, lakini alimtazama mwalimu wake.

Jambo moja zaidi bibi alilisema tukiwa tunaaga. Alisema kwamba jioni anapochemsha maharagwe kwa muda mrefu, dirisha likiwa limefungwa kwa ajili ya baridi, kichwa humuuma, naye alidhani ni uzee. Sisi si waganga na hatuwezi kusema kwa hakika kilichomwumiza kichwa ni nini. Lakini tulirudi tukiwa tumepungukiwa na furaha.

Hebu basi tueleze sababu ya mambo haya, kwa kuwa mwalimu asiyejua sababu hana la kufundisha ila rangi za chaki. Gesi ya mtungi inapotoka kwa nguvu katika kitundu chake chembamba, huvuta hewa kupitia matundu yaliyo kando, nayo huchanganyika nayo kabla ya kufika mahali pa kuwakia. Mchanganyiko ukiwa na hewa ya kutosha, kaboni yote iliyomo katika gesi huungua na kuwa hewa ya ukaa, na haidrojeni huwa mvuke wa maji. Mwali wake ni wa buluu na haubakishi kitu. Hewa ikipungua, sehemu ya kaboni haiungui mara moja. Hubaki punje ndogo mno zinazong'aa kwa joto, na mng'ao huo ndio umanjano tunaouona. Zikipoa ndiyo masizi tunayosugua kwa majivu. Sehemu nyingine ya kaboni huungua nusu tu na kuwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu ya binadamu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikashindwa kuuchukulia mwili hewa unayoihitaji. Hii ndiyo inayoua. Masizi huchafua sufuria tu, lakini ni vema kuyachukua kuwa taarifa kwamba mwenzake asiyeonekana huenda yupo.

Jambo hili wanachuo wamekwisha kuliona bila kulitambua. Ile taa ya maabara iitwayo kwa jina la Bunsen, ambayo mtaalamu huyo wa Ujerumani na fundi wake waliiunda mwaka 1855 huko Heidelberg, ina pete ya kufungia na kufungulia tundu la hewa chini yake. Ukilifunga, mwali ni wa manjano. Ukilifungua, ni wa buluu. Wengi wetu tulijibu swali hilo katika mtihani na kupata alama zote. Hatukuwahi kuambiwa kwamba jiko la nyumbani ni taa hiyo hiyo iliyolazwa, na kwamba nyigu mmoja aweza kuifunga pete.

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu zaidi, ambayo kwayo hasa tumeshika kalamu. Juma lililofuata mwanachuo wetu alirudia somo. Alimwomba radhi yule mtoto mbele ya darasa, jambo ambalo walimu wengi wenye miaka ishirini kazini hawajawahi kulifanya, kisha akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: BULUU NI SALAMA, MANJANO NI HATARI. Watoto wakanakili, wakakariri. Tuliona kwamba kosa limerekebishwa. Mara msichana mmoja akasimama akauliza: "Mwalimu, na ile miali ya buluu inayocheza juu ya makaa? Mama huingiza jiko chumbani tukilala kwa sababu ya baridi. Hiyo nayo ni salama?"

Tunaomba msomaji alitafakari swali hilo kabla hajaendelea. Kila aliyekoka jiko la mkaa ameziona ndimi zile ndogo za buluu zinazorukaruka juu ya makaa mapya. Je, ni nini? Ni kaboni monoksaidi yenyewe inayowaka. Chini, ndani ya rundo la makaa ambamo hewa ni haba, gesi hiyo huzalishwa kwa wingi. Inapofika juu na kukutana na hewa, sehemu yake huungua kwa mwali wa buluu, na nyingine huponyoka bila kuungua. Baadaye jiko linapotulia, miali inapotoweka na makaa kubaki mekundu tu, gesi huendelea kutoka wala hakuna rangi yoyote ya kumwonya mtu. Kila mwaka wa baridi, katika nchi yetu na katika nchi jirani, husikika habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa wasiamke. Na hapa darasani, kwa chaki yetu wenyewe, tulikuwa tumeandika kanuni ambayo mtoto mwenye akili angeichukua hadi kitandani kwake na kusema: mwalimu amesema buluu ni salama.

Kwa bahati alikuwa na akili iliyozidi hiyo, akauliza. Tungependa kuamini kwamba kila darasa lina mtoto wa namna hiyo, lakini hatuwezi kupanga azimio la kazi kwa kutegemea bahati.

Maoni yetu basi ni haya. Rangi ya mwali isifundishwe kama kanuni ya kukariri, bali ifundishwe kama jawabu la swali, na swali lenyewe ni: moto huu unapata hewa ya kutosha? Mtoto akiwa na swali hilo, ataliuliza mbele ya jiko la gesi, mbele ya jiko la mafuta ya taa, mbele ya makaa, hata mbele ya moto wa namna ambayo sisi hatujauona. Asiyekuwa nalo, akipewa rangi mbili tu, atadanganyika mara ya kwanza atakapokutana na moto usiofuata chati yetu. Na mioto ya namna hiyo ni mingi.

Tuchukue kibatari au mshumaa. Mwali wake ni wa manjano, nao ndivyo unavyotakiwa kuwa, maana tunataka mwanga, na mwanga hutokana na zile punje za kaboni zinazong'aa. Michael Faraday, katika mihadhara yake sita kwa vijana wa London katika majira ya Krismasi ya 1860 na 1861, alianza na mshumaa mmoja tu na kuufuata hatua kwa hatua, hata akawafikisha wasikilizaji wake kwenye maji, hewa na pumzi ya binadamu. Hakuwapa jibu la rangi. Aliwapa kitu cha kutazama. Tukisema hivyo wanachuo wengine hudhani tunadai vifaa vya London. Mshumaa unauzwa katika kila kioski cha njiani kutoka Moshi mjini mpaka huku juu.

Tuchukue tena chumvi. Uji au mchuzi ukifurika na kumwagikia jikoni, mwali hugeuka rangi ya machungwa pale palipomwagikiwa, kwa kuwa chumvi, na hata magadi tunayotilia katika vyakula vyetu, vina sodiamu ambayo hupaka mwali wowote rangi hiyo. Hapo hapana upungufu wa hewa hata kidogo. Mwenye kanuni ya rangi atashtuka bure. Mwenye swali atangoja dakika moja aone kama rangi inakwisha. Kisha mtu mzima atashika sufuria safi juu ya moto kwa muda mfupi aone kama inashika masizi. Ikibaki safi, basi ni chumvi. Ikiwa nyeusi, jiko linahitaji kusafishwa.

Hata katika nchi za baridi jambo hili lipo, kwa sura nyingine. Nyumba nyingi za Ulaya na Marekani zilizokuwa na mahali pa kuwashia kuni sebuleni siku hizi zina moto wa gesi badala yake, nyuma ya kioo, pamoja na magogo ya bandia yasiyoungua. Kwa kuwa wenye nyumba hupenda moto ufanane na wa kuni, watengenezaji huurekebisha kwa makusudi uwe na miali ya manjano. Huko basi mwenye nyumba anayekagua moto wake haishii kwenye rangi. Hutazama kama kioo kinashika masizi, kama miali inagusa kioo au kujipinda kusikostahili, kama imeinuka na kuelea mbali na mahali inapotokea, na kama magogo yamekaa kama alivyoagiza mtengenezaji. Tumelitaja si kwa sababu tunatazamia mahali pa moto wa namna hiyo Kibosho, bali kwa kuwa laonyesha kwamba hata penye vifaa vya fahari kazi ya macho haijakwisha.

Turudi kihambani, maana hapa tunao moto ambao ungestahili kuwa chombo cha kufundishia cha kila shule ya mlimani, nao ni biogesi. Ng'ombe wetu hufungwa zizini na kukatiwa majani, samadi hupatikana karibu na nyumba, na tangu miaka ya 1980 kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikisambaza mitambo ya kuba inayojengwa chini ya ardhi kwa matofali. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani, na mitambo ikaongezeka. Kwa jamii iliyozoea kuni za msituni, na msitu wenyewe ukiwa umeingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, gesi ya zizini ni neema isiyo ndogo.

Mwali wa biogesi una tabia zake. Gesi hiyo ni methani kwa zaidi ya nusu, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni hewa ya ukaa isiyowaka; kwa hiyo mwali wake ni wa buluu hafifu, na mchana katika jiko lenye mwanga hauonekani vizuri. Mtoto aliyefundishwa kutafuta buluu kali aweza kudhani umezimika, akausogezea uso. Tena nguvu ya gesi hubadilika. Asubuhi, baada ya usiku kucha wa kukusanyika kubani, hutoka kwa msukumo mkubwa, na miali huweza kuinuka ikaacha nafasi kati yake na kichwa cha jiko, ikivuma. Hapo yafaa bomba lipunguzwe kidogo. Jioni, baada ya mapishi ya kutwa, msukumo hupungua, mwali hulegea, na hewa ikizidi gesi mwali huweza kurudi ndani ya kichwa kwa mlio wa kupasuka. Mtambo mpya nao hutoa mwanzoni gesi isiyoshika moto vema, kwa kuwa ina hewa na hewa ya ukaa tele. Yote haya yaonekana kwa macho na kusikika kwa masikio, nyumbani kwa mtoto, bila senti moja ya zana.

Kuna tofauti nyingine isiyofaa kupitwa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini. Methani ni nyepesi, hupanda darini. Kwa hiyo mwalimu anayesema "fungueni dirisha" tu hajamaliza: kwa gesi ya mtungi mlango nao ufunguliwe, maana gesi itatoka kwa chini. Gesi ya mtungi hutiwa harufu kwa makusudi ili ijulikane. Biogesi ina harufu yake ya mayai yaliyooza, isipokuwa imechujwa. Mtoto anayesikia harufu asiwashe kitu wala asizime taa ya umeme. Atoke, amwite mtu mzima afunge.

Wapo wakufunzi wenzetu wasiokubaliana nasi, na hoja yao si ya kudharauliwa. Wanasema mtoto wa shule ya msingi hana kazi na jiko la gesi. Afundishwe neno moja tu, usiguse, na mengine aachiwe mzazi. Nasi tungewaunga mkono kama watoto wetu wasingekuwa na kazi na jiko. Lakini nani asiyejua kwamba msichana wa miaka 11 hapa mlimani huachiwa wadogo zake na sufuria ya mtori, mama akiwa sokoni Moshi au amekwenda kukata majani? Neno "usiguse" latosha kwa mtoto asiyetumwa. Kwa anayetumwa kila siku, ni katazo analolivunja kwa kumtii mama yake, na katazo livunjwalo kila siku halimlindi mtu. Tena serikali, kwa mkakati wa mwaka 2024 wa nishati safi ya kupikia, imekusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Watoto wa darasa la tano wa leo watakuwa na nyumba zao karibu na wakati huo.

Hata hivyo tunawapa wenzetu hao nusu ya hoja. Mtoto asifungue kichwa cha jiko, asichokoe tundu kwa waya, asibadilishe mtungi wala mpira. Kazi yake ni kutazama na kusema. Anayefunga na kufungua ni mtu mzima, na penye uvujaji au kifaa kibovu ni fundi. Mpaka huu uwekwe wazi katika andalio la somo, tena uandikwe ubaoni. Na tuseme ukweli, ni afadhali uandikwe huo kuliko ile kanuni ya rangi.

Vilevile hatupendekezi jiko la gesi liingizwe darasani. Mwalimu mkuu wa shule tuliyoitaja alikataa tulipouliza, na tukimfikiria tunaona alikuwa sahihi: watoto sitini katika chumba kimoja, madawati yamebanana, mlango mmoja. Mshumaa uliosimamishwa ndani ya kopo lenye mchanga watosha. Mwalimu aushikilie kijiko cha bati juu ya ncha ya mwali watoto waone masizi yakishika. Kisha aufunike kwa chupa ya kioo iliyoinuliwa kidogo kwa vijiti, waone mwali ukirefuka, ukiyumba na kufifia kadiri hewa inavyopungua, kabla ya kuzimika. Wale waliokaa nyuma waje mbele kwa zamu, hata kama somo litachukua vipindi viwili. Kisha kazi ya nyumbani isiwe kuchora, bali kutazama: leo jioni, sufuria ya kwenu ina rangi gani upande wa chini, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa, mwali ulikuwa mrefu au mfupi, ulitulia au uliyumba? Mwenye kuni atazame kuni, maana nyumba nyingi bado ni za kuni, na mtoto wao asitahayarishwe.

Mwanachuo wetu alifanya hivyo katika juma la mwisho la mazoezi. Alimjibu pia yule msichana, tena hakumjibu darasani peke yake, bali alikwenda kuzungumza na mama yake, akamweleza habari za makaa. Mama alisikiliza kwa adabu, akasema baridi ya Julai si mchezo na blanketi ni mbili kwa watoto wanne. Hilo nalo ni jibu, na hatuna chaki ya kulifuta. Walikubaliana kwamba jiko lipashe chumba mapema mlango ukiwa wazi, kisha litolewe nje kabisa kabla watoto hawajalala. Tunavyojua mpaka tulipoondoka ndivyo ilivyokuwa ikifanyika.

Madaftari ya watoto tuliyakusanya na kuyasoma usiku mmoja. Mengi yalikuwa mafupi. Wawili walikuwa wameandika kwamba nyumbani kwao masizi yapo ingawa ni gesi, na mwalimu wa darasa amepewa majina yao ili azungumze na wazazi. Mmoja wa nyumba yenye biogesi aliandika saa ya kila tazamo kwa siku tano, asubuhi na jioni, bila kuambiwa, na aligundua peke yake kwamba mwali wa asubuhi huvuma. Yule mtoto wa kiti cha nyuma aliandika siku nne mfululizo, "buluu, mfupi, sufuria safi", na siku ya tano, "gesi imekwisha, tumerudi kwenye kuni, bibi amefunika jiko kwa mfuko ili nyigu asiingie."